Chumvi, Chuma na Mizani: Madini Mwilini mwa Mpiganaji

(Mhadhara kwa makocha, mabondia na wachezaji wa judo, karate na taekwondo)



Watu wa ngumi na judo huniuliza swali moja kabla hata sijavuta kiti: "Dokta, nitumie vidonge gani?" Hawaniulizi kama wanavihitaji. Hilo wameshalimaliza wenyewe huko gym. Wanataka jina la kopo, na ikiwezekana liwe lile waliloliona kwenye simu mkononi mwa bondia wa ng'ambo. Leo nitawajibu, ila jibu langu la mkato huwa linawaudhi: kirutubisho kinachowapungukia wapiganaji wengi wiki ya pambano kinauzwa duka la Mangi wa mtaani, tena kwa bei ya chumvi, kwa kuwa ni chumvi yenyewe.

Nianze na vitamini, maana ndizo zenye jina kubwa.

Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Mtu wa judo asiyeujua mwaka huo sijakutana naye. Wengi wasichokijua ni kwamba mwishoni mwa mwaka huohuo meli ya kivita ya Japani, Ryujo, iling'oa nanga kwa safari ndefu ya mafunzo ikiwa na watu 376. Kati yao 169 waliugua beriberi. Miguu ilivimba na kufa ganzi, moyo ukachoka, na 25 wakafariki. Walikuwa vijana wenye nguvu, na walikuwa wanashiba. Walichokuwa wanashiba ni wali mweupe, uliokobolewa mpaka ukang'aa. Daktari wa jeshi lao la majini, Kanehiro Takaki, alipigania meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ileile mwaka 1884 ikiwa na nyama zaidi, shayiri na maharage. Beriberi haikuua mtu safari hiyo. Takaki mwenyewe alidhani dawa ilikuwa protini. Baadaye ndipo ikajulikana kuwa mabaharia wa kwanza walikosa vitamini B1, iliyokwenda na pumba za mchele.

Kwa vijana wa Tsukuba vitamini hiyo ilikuwa uhai, na waliipata mezani. Hata neno vitamini halikuwapo bado. Casimir Funk alilitunga mwaka 1912. Lakini lau mpishi wa Tsukuba angewapimia shayiri mara tano ya ile, wasingepata nguvu mara tano. Vitamini humwinua aliyepungukiwa. Asiyepungukiwa hupata mkojo wa rangi ya njano kali, na hiyo ni pesa aliyonunulia kopo inamwagika chooni.

Sembe letu hupita njia ya wali ule. Kinu kikishaondoa pumba na kiini cha punje, huondoka pia sehemu kubwa ya vitamini B, chuma, zinki na magnesiamu. Ndiyo maana Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2011, na Kenya mwaka 2012, za kuwataka wasindikaji wakubwa warudishe baadhi ya virutubishi hivyo kwenye unga. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Dona ina madini zaidi, ingawa nayo ina fitati, kitu kinachoyashikilia madini tumboni yasifyonzwe vizuri. Bibi zetu waliokuwa wakichachusha togwa na uji walikuwa wanaipunguza fitati hiyo bila kuisomea. Mchezaji anayekula ugali wa sembe mara mbili kwa siku, na mboga ya kuchovya tu, ana haki ya kunijia na wasiwasi. Huyo nitazungumza naye kuhusu sahani kwanza.

Vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyotoa povu la rangi ya chungwa, vingi vina miligramu 1000. Mwanamume mzima anahitaji kama 90 kwa siku, mwanamke 75. Pera moja linatosha, na ubuyu unaomung'unywa na watoto barabarani una vitamini hiyo tele. Je, ina faida kwa mpiganaji? Ipo moja, nami siifichi: majaribio matano yaliyohusisha watu 598 waliokuwa kwenye kazi nzito kupita kiasi, wakiwemo wakimbiaji wa marathoni na askari wa mazoezi ya baridi kali, yalionyesha kuwa waliotumia vitamini C walipata mafua kwa karibu nusu ya wenzao. Hilo si dogo kwa mtu aliye kambini. Lakini upande wa pili, mwaka 2014 watafiti wa Norway waliwapa watu 54 ama miligramu 1000 za vitamini C pamoja na vitamini E, ama vidonge visivyo na kitu, kwa wiki 11 za mazoezi. Waliopewa vitamini walijenga kwa kiasi pungufu ile mitambo ndani ya misuli inayozalisha nguvu. Misuli husoma uchovu wa mazoezi kama ujumbe wa kujiimarisha, na dozi kubwa inaonekana kuuzima ujumbe huo. Kwa hiyo pera, ndiyo. Povu la kila asubuhi miezi yote ya maandalizi, mimi simshauri mtu.

Kuna dozi zinazodhuru waziwazi. Vitamini B6 ikizidi miligramu 100 kwa siku kwa muda mrefu inaweza kuharibu mishipa ya fahamu na kutia ganzi mikono na miguu. Bondia akilalamika kuwa vidole vinakufa ganzi, kocha huangalia bendeji kwanza, na yuko sahihi. Aangalie pia begi la mchezaji, maana mtu anaweza kuwa anameza makopo matatu tofauti, kila moja likiwa na B6 yake, na hajawahi kujumlisha. Zinki nayo, ambayo vijana huinunua kwa sababu wanazozijua wao, ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huzuia mwili usifyonze shaba, na mtu huishia na upungufu wa damu alioununua mwenyewe. Ile sindano nyekundu ya vitamini B wanayochomwa baadhi yao nyuma ya duka la dawa siku ya pambano haimpi nguvu yoyote mtu mwenye B12 ya kutosha. Wekundu ule ni rangi ya vitamini yenyewe, si damu wala petroli.

Sasa chumvi. Hapa mniruhusu nikae.

Nendeni gym siku mbili kabla ya kupima uzito. Mtamkuta kijana amevaa koti la mvua juu ya sweta, tumboni amejizungushia mifuko ya nailoni, anaruka kamba kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Anatafuna jojo ili mate yajae, na anayatema kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Ikifika jioni mate yanavutika kama gundi na midomo imepasuka. Wiki nzima hajagusa chumvi kwa kuwa ameambiwa chumvi inashika maji. Aliyemwambia hakukosea, inashika. Ndiyo kazi yake.

Kila lita ya jasho hubeba wastani wa gramu moja ya sodiamu, wengine pungufu na wengine zaidi sana. Wale ambao fulana zao hukauka na ramani nyeupe mgongoni ndio wenye jasho la chumvi nyingi. Gramu moja ya sodiamu ni kama nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani. Kijana akimwaga lita tatu, amemwaga kijiko kimoja na nusu, wakati kwenye chakula haingizi kitu. Potasiamu, ambayo kila mtu huizungumzia kwa sababu ya ndizi, hutoka kidogo tu kwenye jasho. Magnesiamu na kalsiamu hutoka pungufu hata ya hiyo. Anayebanwa na misuli raundi ya nne hukimbilia vidonge vya magnesiamu, na ushahidi wake kwa kubanwa huko ni hafifu. Akivinywa vingi vitamharisha, na kuhara ni kupoteza maji na chumvi kwa mlango mwingine.

Damu ya mtu mzima hutunza sodiamu kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Figo na homoni hukesha zikilinda mpaka huo. Maji yakipungua, figo hubana mkojo. Chumvi ikikosekana, mwili huyaacha maji yaende ili kiwango cha chumvi kisishuke, na hapo ndipo mizani humpendeza kocha. Halafu uzito unapimwa, kijana anafaulu, watu wanampigia makofi, na mtu mwenye huruma anamkabidhi chupa kubwa ya maji ya baridi. Anaigida. Nusu saa baadaye anakwenda kukojoa maji meupe kabisa, na kila mtu anafurahi kwamba "amesharudi". Hajarudi. Maji matupu yaliyoingia kwenye mwili usio na chumvi hayakai. Yakizidi sana na kwa haraka, sodiamu ya damu hushuka, maji huingia ndani ya seli za ubongo, na mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hata hupata degedege. Si nadharia: kati ya wakimbiaji waliopimwa damu kwenye mstari wa mwisho wa marathoni ya Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka, na chanzo kikubwa kilikuwa kunywa kupita kiasi.

Dawa yake ni ile ambayo mama yeyote aliyelea mtoto wa kuharisha anaijua. Pakiti ya ORS, kwa mchanganyiko ulioidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huipa lita moja ya maji milimoli 75 za sodiamu, 20 za potasiamu, na gramu 13.5 za glukosi. Ile sukari haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Ukuta wa utumbo una milango inayopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata. Baada ya kupima, mchezaji arudishe lita moja na robo mpaka moja na nusu kwa kila kilo aliyopoteza, kwa mafundo madogo, kwa saa nyingi, pamoja na chakula: supu ya kongoro yenye chumvi na ndimu, ndizi, wali, chapati. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake haifikii ya jasho la mtu aliyejikausha. Tieni chumvi kidogo. Najua watu wa pwani watanitazama vibaya.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiyachukue maneno haya kama ruhusa. Nazungumza na anayetoa jasho, siku anayotoa jasho.

Kwa wanaofunga Ramadhani, hesabu ni ileile ila imebanwa kati ya futari na daku. Tende, uji na supu vimekuwa vikifanya kazi hii muda mrefu kabla ya makopo. Kukata uzito kwa jasho mchana wa mfungo, hilo kocha alikatae bila mjadala.

Kukata uzito kwenyewe kumeua. Kati ya Novemba na Desemba 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha, na baada yao mieleka ya vyuo ikapiga marufuku sauna na nguo za mpira, ikaanza kupima mkojo kuhakikisha mchezaji hajakauka pale anapopangiwa uzito wa msimu. Desemba 2015 Yang Jian Bing, kijana wa Kichina mwenye miaka 21, alifariki Manila akijiandaa kwa pambano la ONE Championship. Shirikisho la judo la dunia hupima jioni ya kuamkia mashindano, na asubuhi yake baadhi ya wachezaji huchaguliwa kwa kura na kupimwa tena: asizidi kikomo cha daraja lake kwa zaidi ya asilimia 5. Wa kilo 66 akikutwa na 69.4, kazi imekwisha. Sheria ile naipenda kwa sababu inamfanya kocha afikirie asubuhi wakati bado ni jioni. Ngumi za kulipwa hupima siku moja kabla, na hapo ndipo mchezo wa kujikausha unapopata uwanja mpana.

Wapo wasiosubiri jasho. Wanameza Lasix, dawa ya wagonjwa wa moyo na figo, inayopatikana kirahisi mno kwenye maduka yetu ya dawa. Dawa hii hutoa maji kwa kuyafukuza pamoja na sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Moyo hupiga kwa mpangilio wa madini hayo. Potasiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, na ikitoka hapo, juu au chini, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla kwa kijana ambaye jana alikimbia kilomita kumi. Na tafadhali msimpe vidonge vya potasiamu kwa kubahatisha: figo zilizokauka hazitoi ziada, nayo ziada hiyo inaweza kuusimamisha moyo. Dawa za kukojoza kama hii zimekatazwa na shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, wakati wa mashindano na nje yake. Dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 nayo imekatazwa, isipokuwa kwa matibabu halali. Anayetundikiwa dripu hotelini usiku wa kuamkia pambano huenda anavunja sheria, na bado kocha wake anajisifu kuwa amempeleka kwa mtaalamu.

Liko jambo jingine ambalo kwetu lina uzito. Wako wengi Afrika Mashariki, hasa Ukanda wa Ziwa na Pwani, waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu. Hawaumwi, wanacheza, wanashinda. Lakini mwili ukikauka, joto likizidi na mtu akisukumwa mpaka mwisho, wenye kinasaba hicho wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka ghafla, misuli ikiharibika na figo zikizimika. Kipimo kipo na ni rahisi. Kocha amjue mchezaji wake kabla hajamvalisha koti la mvua. Mimi ningependa asimvalishe mtu yeyote, lakini nianzie hapo.

Nimekuja kwenye chuma, na hapa nazungumza zaidi na mabinti na wanaowafundisha.

Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, mwanamume 8. Tofauti hiyo ni damu ya kila mwezi. Ongezeni minyoo ya safura, malaria inayojirudia, kichocho kwa waliokulia kando ya Ziwa au Pemba, na chai ya rangi inayoshushia kila mlo. Tanini za chai hukishika chuma cha mboga na maharage kisiingie. Binti wa taekwondo anaanza kuchoka raundi ya pili. Kocha anasema hana moyo wa kupigana, anamwongezea mbio za asubuhi, na binti anazidi kuzama. Nimewaona wa namna hiyo, na kilichokuwa kinawapungukia hakikuwa moyo.

Msikimbilie vidonge vya chuma. Pimeni kwanza wingi wa damu, na pakiwa na uwezo, feritini, inayoonyesha akiba. Akiba huisha kabla damu haijaonyesha. Chuma ni kati ya madini ambayo mwili hauna njia nzuri ya kuyatoa yakizidi, kwa hiyo kijana wa kiume mwenye damu ya kutosha anayekinywa "kwa ajili ya nguvu" anajilimbikizia sumu. Ambaye kipimo kimeonyesha anahitaji, atumie kwa ushauri wa daktari, na wako madaktari wanaopendelea siku moja ndiyo, moja hapana. Sababu yake ni kwamba dozi moja huamsha homoni iitwayo hepsidini, inayofunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, na dozi ya kesho yake hukuta mlango umefungwa. Uchunguzi uliofanyika Uswisi kwa wanawake wenye akiba ndogo ulionyesha kuwa kupishanisha siku huingiza chuma kingi zaidi kwa kila kidonge. Mazoezi makali nayo huamsha homoni hiyo saa chache baadaye. Kwa hiyo asubuhi kabla ya mazoezi ni wakati mzuri kuliko usiku baada yake, na ndimu iwe badala ya chai.

Mezani kuna maini, nyama nyekundu na dagaa. Kunde na maharage yakamuliwe ndimu au yaliwe na embe. Chai isubiri saa moja au mbili. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo wanakupa na kalsiamu ambayo mabondia wengi huipoteza wanapoacha maziwa wakidhani yananenepesha.

Binti akiacha kupata siku zake wakati wa maandalizi, makocha wengi wa kiume hufurahi kimyakimya kwamba usumbufu umepungua. Kukosa siku huko ni taarifa kuwa chakula anachokula hakitoshi kazi anayoifanya, na mwili umeamua kufunga baadhi ya ofisi. Mifupa hufuata: inapungua uimara kwenye umri ambao ilipaswa kujijenga. Hakuna kopo la kalsiamu wala vitamini D linalotibu hilo kama sahani haijaongezwa. Kocha wa kiume atafute mama au dada wa kukaa na timu ambaye binti anaweza kumwambia jambo hilo bila haya.

Mnaonunua makopo mtandaoni nisikilizeni kidogo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa bidhaa 634 za virutubisho zilizonunuliwa katika nchi 13. Bidhaa 94 zilikuwa na vitu vya kujenga misuli ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Karibu moja katika kila saba. Mchezaji akipimwa na kukutwa navyo, kusema hakujua hakumwokoi, kwa sababu sheria inamtaka ajibu kwa kila kilichomo mwilini mwake. Bondia wa ridhaa anayepigania nafasi ya timu ya taifa anaweza kufungiwa kwa sababu ya kopo ambalo hata hakulihitaji.

Wazazi, nimewaweka mwisho kwa makusudi. Mtoto wa miaka 13 hakati uzito. Haruki kamba na mfuko wa nailoni, hatemi mate kwenye chupa, hanyimwi chumvi wala maji. Kama amekua na kuvuka daraja lake, aandikishwe daraja la juu, hata kama huko atapoteza mapambano mawili matatu ya mwanzo. Kocha akikataa, mchukueni mtoto wenu mkatafute kocha mwingine.

Pale mlangoni nimeacha karatasi zenye kipimo cha maji ya nyumbani kwa asiyepata pakiti: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu visiwe na kilima. Maswali tunaanza upande wa akina mama.